A Mbili kwa Bei ya Moja

Kwa anayeandika Kiswahili, herufi A haina sikukuu. Tazama habari, maana, ada, madaraka. Kwenye kila kibodi niliyowahi kumiliki kitufe hicho ndicho kilichotangulia kufa. Kwa hiyo mpwa wangu, kijana anayesomea umeme hapa Dar es Salaam, aliposema ataniundia kibodi ya kudumu, kila kitufe na swichi yake na springi yake, nilitoa hela bila kuuliza swali la pili.

Kibodi ikaja, nzito, ukiidondosha mguuni unalala hospitali. Usiku wa kwanza mke wangu alitoka chumbani kuangalia nani anabisha hodi.

Asubuhi nikamwandikia mteja mmoja, mzee mwenye malori, maneno ya kawaida kabisa: nia yetu ni kukuza biashara yako. Kilichomfikia ni "nia yetu ni kukuzaa". Akajibu kwa adabu: "Ndugu, mama yangu yupo Tanga, mzima wa afya. Kazi hiyo alishaimaliza." Jioni nikalijulisha kundi la ukoo kwamba nimekata tiketi ya kwenda msibani Lushoto. Wakasoma "nimekataa tiketi". Baba mdogo alipiga simu kabla sijanyanyua mikono kwenye kibodi. Alitaka kujua tangu lini misiba ya kwao imekuwa haina hadhi ya kuhudhuriwa na mimi.

Mpwa akaitwa. Akachomoa kifuniko cha A kwa kibano, akanionyesha vipande viwili vya chuma vyembamba vilivyomo ndani ya swichi. "Mjomba, ukibonyeza, hivi havikutani vikatulia. Vinadunda. Vinagusana, vinaachana, vinagusana tena, ndipo vinatulia." Mdundo wenyewe huisha ndani ya milisekunde chache, na mkono wa binadamu hausikii kitu. Lakini chipu aliyoiweka inakwenda kwa megahezi 16. Katika milisekunde tano tu saa yake imeshapiga mara 80,000. Mimi nimebonyeza mara moja, yeye ameona kidole kikienda na kurudi.

Dawa yake ni subira. QMK, programu huria ambayo wapenzi wengi wa kibodi za kujiundia huiweka kwenye chipu zao, isipoguswa husubiri milisekunde tano za utulivu ndipo iamini kwamba kitufe kimebonyezwa kweli. Ipo pia njia ya kuamini papo hapo kisha kuziba masikio kwa muda uleule. Hiyo ni ya haraka zaidi, ila kelele yoyote ya umeme inayopita kwenye waya nayo itaaminiwa. Mpwa wangu, ambaye hucheza michezo ya kufyatuliana risasi hadi alfajiri, alikuwa ameiweka ile tano kuwa sifuri.

"Nilitaka iwe na kasi, mjomba."

"Kasi ya kwenda wapi? Mimi natafsiri mikataba."

Akairudisha tano. A ikawa moja. Ndipo nikagundua kwamba W haipo kabisa, na kwamba "watu wote wawili" wanatoka "atu ote aili".

Hapo ikabidi kibodi ipinduliwe, na lazima nikiri nilifurahia nilichokiona. Vitufe ni 60, lakini waya zinazoingia kwenye chipu ni 17 tu: safu tano za kulala na kumi na mbili za kusimama. Chipu inafanya kazi ya konda. Inapita safu moja baada ya nyingine ikiuliza nani yupo, ikifika nyuma inaanza upya mbele, mamia ya mara kila sekunde. Shida huja abiria watatu wakikaa kwenye pembe tatu za mstatili mmoja. Umeme huzunguka kupitia kwao, ukatokea pembe ya nne, na konda akaanza kudai nauli kwenye kiti kitupu. Ili kuzuia mzuka huo, kila kitufe huchomewa daiodi yake, kijidude cha kioo chenye mstari mweusi, kinachoruhusu umeme kupita upande mmoja tu. Ya W ilikuwa imechomewa kinyume. Abiria kakaa, nauli kashika mkononi, konda hamwoni. Mpwa akawasha pasi ya risasi, akaigeuza, akapuliza moshi. W ikafufuka.

Ingeishia hapo, mimi na A tungekuwa marafiki. Lakini vijana hawaachi kitu kizuri kikae. Alipokuwa anaondoka aliniwekea zawadi: A ikibonyezwa na kuachwa ni A, ikishikiliwa zaidi ya milisekunde 200 inageuka Ctrl. Na kwa kuwa 200 ni nyingi mno kwake, akaongeza kwamba kitufe kingine kikishuka kabla A haijanyanyuka, basi ihesabiwe imeshikiliwa.

Vidole vyangu ni vya umri wangu. Kimoja hakijaondoka, kingine kimeshafika. Nikaandika "kazi": A na Z zikashikana, kompyuta ikafuta nilichokuwa nimeandika. Nikaandika "hapa", likafunguka dirisha la kuchapisha likitaka kujua nakala ngapi. "Tafadhali" ikaleta kisanduku cha kutafuta. Nilipofika kwenye "kawaida", ukurasa mzima ukafungwa.

Simu ya mpwa ilikuwa haipatikani. Mteja wa malori alikuwa anasubiri, nami nikabaki kutafuta maneno ambayo A haikuyagusa. Ujumbe niliomtumia, neno kwa neno, ni huu: "Ndugu, pole, kompyuta mbovu, tuonane kesho." Hata hapo neno la pili kutoka mwisho na lile la kompyuta niliyaandika kwa kidole kimoja, pumzi nimeibana.

Mpwa alipopatikana alinishauri niwe nanyanyua kidole haraka. Nikamwambia Ctrl yake aihamishie kwenye Q, herufi ambayo sina kumbukumbu ya kuiandika.

Akafikiri kidogo. "Na ukitaka kuandika Qatar, mjomba?"

Nikamwambia Qatar sina mteja.