Mpima Mbingu wa Makindu

Makindu kuna vitu viwili vya bure: chakula cha Gurdwara, hekalu ambalo Wasikh walilijenga mwaka 1926, na giza. Kwenye chakula utaambiwa uvue viatu na ufunike kichwa, basi. Giza ndilo lenye masharti.

Desemba, Nebula ya Orioni hupita karibu na utosi wetu, umbali wa miaka ya nuru 1,300 hivi. Kuipiga picha kunataka kamera iachwe wazi muda mrefu, na dunia haisubiri mtu: huzunguka nyuzi 15 kwa saa, nyota zikatoka kwenye picha zikiwa mistari. Dawa yake ni stendi yenye mota ya kuzifuata. Nikaagiza. Kijitabu chake kikaniamuru niielekeze kwenye Nyota ya Kaskazini. Aliyekiandika hajawahi kufika kaunti yetu ya Makueni. London nyota hiyo iko nyuzi 51 juu. Makindu, nyuzi 2 kusini mwa ikweta, imejificha chini ya upeo wa macho. Tuliyopewa sisi ni ncha ya kusini ya mbingu, nyuzi 2 tu juu ya ardhi, yaani nyuma kabisa ya mwembe wa jirani. Stendi nayo ikakataa kulala kiasi hicho. Nikapandisha mguu mmoja juu ya tofali, ikainama kama mlevi anayetafuta funguo.

Oktoba 2024 nyota yenye mkia iitwayo Tsuchinshan-ATLAS ikatokea magharibi baada ya jua kutua. Nikapanga vyombo uani. Lori la Barabara ya Mombasa likawasha taa kubwa, picha ikawa nyeupe pe. Mbuzi akajikuna kwenye mguu wa stendi, nyota zikacheza isukuti. Picha iliyofuata ina jirani.

Amesimama katikati ya lenzi, hati ya shamba mkononi. Kwetu kifaa cha miguu mitatu kina maana moja. Kabla treni ya SGR haijaanza kupita Makueni mwaka 2017, wapimaji wa ardhi walitangulia na vifaa kama hivyo.

"Kijana wangu, laini inapita wapi?"

"Mzee, mimi napima mbingu."

"Huko juu ni kwa nani?"

"Si kwa mtu."

"Basi mbona umeanzia kwangu?"

Kweli kamera ilikuwa imeelekea juu ya mahindi yake. Nikamwonyesha mkia kwenye skrini, nikamweleza kwamba ni vumbi na gesi zinazotoka kwenye donge la barafu likipashwa na jua. Akaitazama nyota hiyo sana.

"Itapita tena lini?"

"Baada ya maelfu na maelfu ya miaka, mzee. Kama itarudi."

Akakunja hati yake, akaitia mfukoni.

"Niandike kabisa kwenye orodha ya fidia. Wakati huo ndio huwa wanalipa."