Dalili 7 Kwamba Tairi Lako Linaomba Kustaafu

Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Dodoma wakifika 600 wanashukuru. Kwa hiyo shemeji yako wa Dodoma akikwambia "tairi bado linasukuma", msikilize kwa heshima, kisha usimfuate. Huku tairi linapimwa kwa mvua ya Aprili, si kwa jua la Julai. Haya, tuhesabu kinyumenyume, kutoka dalili ya kukuna kichwa hadi ile ya kushuka garini.

7. Umri. Tafuta ubavuni herufi DOT, kisha tarakimu nne za mwisho. 2319 maana yake wiki ya 23, mwaka 2019. Ukiona DOT bila tarakimu hizo, inama uangalie upande wa ndani. Likitimiza miaka mitano, likaguliwe kila mwaka. Likifika kumi, liage, hata kama ni spea ambayo haijawahi kugusa lami. Nshomile wetu anakumbuka mwaka aliomaliza chuo, daraja alilopata na nani alishika mkia. Muulize mwaka wa tairi lake.

6. Nyufa ubavuni. Mpira unakauka, hasa gari likikaa bila kutembea. Tunalijua lile la mjomba aliyeko Dar, linalolala kando ya migomba hadi Desemba, likaamshwa siku moja na kupakia ukoo mzima. Mjomba kapumzika, gari limepumzika, tairi limezeeka.

5. Kuliwa upande. Kingo zote mbili zikiisha, upepo ulikuwa mdogo. Katikati ikiisha, upepo ulizidi. Upande mmoja tu? Alaimenti, au bushi zimechoka. Ukifunga jipya bila kurekebisha hapo, umeongeza chakula mezani, mlaji ni yuleyule.

4. Pancha kila wiki. Fundi pancha wa Rwamishenye akikuletea kadi ya mchango wa harusi, jua umeshakuwa mtu wa ukoo. Tundu dogo la katikati huzibwa vizuri. La ubavuni halizibwi, hata fundi aape.

3. Nundu. Umepiga shimo kwa kasi ukipanda kutoka Muhutwe kwenda Kamachumu, kesho yake ubavu umetoa uvimbe. Nyuzi za ndani zimekatika, na upepo sasa umezuiwa na mpira mtupu. Nundu ni sifa kwa ng'ombe mnadani. Kwenye tairi, funga spea leo hii.

2. Waya nje. "Bado linafika Muleba." Linafika, ndiyo, hatujui tu litasimamia Kemondo au mtaroni. Trafiki akiliona ni faini ya 30,000, na hiyo ndiyo habari njema. Lipeleke kwa fundi wa katambuga: miguuni bado lina miaka mingi ya kazi, maana mtu hatembei kilomita 80 kwa saa.

1. Kipara. Kwa nini kipara kiishinde waya? Kwa sababu waya inatisha, kipara tunakizoea.

"Mwanangu, mbona hili tairi halina kashata?"

"Mama, tumepunguza uzito wa gari. Panda twende."

Angalia ndani ya mifereji ya tairi: kuna vituta vidogo vya mpira, na ubavuni herufi TWI au kipembetatu kinakuonyesha vilipo. Kimo chake ni milimita 1.6. Kashata zikilingana navyo, tairi limekwisha, hakuna rufaa. Tena kwa mvua zetu usingoje hapo. Zikibaki milimita 3, anza kutafuta hela. Kazi ya mifereji ni kuyapitisha maji. Yakikosa njia, tairi linapanda juu yake, na hapo unaweza kukanyaga breki na kukata usukani upendavyo, gari litaendelea na safari zake.

Hela ikitosha mawili tu, mapya yafunge nyuma, hata kama gari linavuta kwa mbele. Mbele ikiteleza, ukipunguza mwendo mara nyingi inarudi. Nyuma ikiteleza, gari linageuka na wewe ndani. Watakwambia trafiki huanza kuangalia ya mbele. Ni kweli, ila ya nyuma ndiyo yatakayokufikisha kwake.