Namna ya Kupokea Wageni wa Desemba Ukiwa Umejaliwa Nyumba Karibu na Bahari

Simu ya kwanza huja Oktoba, na haitaji bahari hata kidogo. Itaanza na presha ya mama, ipitie karo za shule, halafu mtu akiwa kama anaaga utasikia: "Kwani Desemba mko?" Jibu sahihi ni kukohoa. Ukisema "tuko", umeshajaza nyumba. Ukisema "hatuko", utaulizwa ufunguo mnamwachia nani.

Ni vyema uelewe wanachokikimbia, uwahurumie mapema kabla huruma haijaisha. London, katikati ya Desemba, jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Wakati huohuo Mombasa upepo wa kaskazi umeshashika, joto la mchana linagonga nyuzi 32, na bahari imetulia. Hata ndugu wa Nairobi, ambao baridi yao ilikwisha Agosti, hujishawishi kwamba waliganda tangu Julai na bado hawajayeyuka. Kwa hiyo utapokea vikosi viwili kwa mpigo: wa majuu, waliolipa nauli ya ndege na wanataka kila saa iwe na faida, na wa bara, waliolipa nauli ya treni na wanataka faida hiyohiyo.

Wote wanaamini jambo moja, nalo ndilo utakalopambana nalo mpaka Januari: kwamba kukaa Mombasa ni likizo. Hawaoni inawezekanaje mtu wa Bamburi aamke alfajiri kugombania matatu. Ukiwaambia "kesho naenda kazini", watacheka kwa upole, halafu shemeji aulize, "Kazi gani, na bahari iko hapo?" Usibishane. Na usithubutu kutaja mara ya mwisho ulipokanyaga maji ya chumvi. Watakuonea huruma, na huruma ya mgeni huzaa matembezi. Wala usijitetee kwamba wewe huishi ufuoni bali Mikindani, na kufika baharini ni matatu mbili na jasho. Kwa mtu wa bara, kila kilichopita Mariakani ni ufuo.

Zamani tulikuwa na ngao. Barabara ya kilomita karibu 480 kutoka Nairobi, malori mbele, malori nyuma, chai ya Mtito Andei, ilitosha kumfanya jamaa afikiri mara mbili. Tangu 2017 treni ya SGR inawashusha Miritini kwa muda wa saa tano hivi, wamelala, wamekula, na nguvu zote ziko palepale. Faraja iliyobaki ni kwamba tiketi za wiki ya Krismasi huisha mapema. Usimkumbushe mtu kukata. Wakifanikiwa kufika, wataichungulia bahari pale stesheni na kuona makontena. Waache na makontena kidogo. Ni njia nzuri ya kupunguza matarajio.

Nyumbani, anza na maji. Mgeni wa London huoga mara mbili kwa siku akifika pwani, na hufungua bomba kwa imani kubwa. Mketishe umweleze kwamba sehemu ya maji ya mji huu hutoka chemchemi za Mzima, kule Tsavo, yakasafiri kwa bomba zaidi ya kilomita 200, na kwamba huko yalikotoka viboko huogelea. Atavutiwa sana na viboko na ataendelea kuoga. Basi mwoneshe mitungi ya lita ishirini iliyopangwa jikoni, kisha mwoneshe ngazi za kuipandishia. Somo hili huingia haraka zaidi. Umeme una somo lake: weka mita ya tokeni mahali ambapo yeyote anayewasha kiyoyozi lazima aipite, na kila inapolia muulize mjomba, kwa heshima zote, kama ameisikia na yeye.

Sasa ufuo wenyewe. Hapa mwenyeji mwenye akili hushinda vita bila kunyanyua sauti, kwa sababu mgeni hajui kupwa na kujaa. Yeye amekuja na picha ya hoteli, na picha ya hoteli hupigwa maji yakiwa yamejaa. Hana habari kwamba siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, bahari ya Mombasa hujaa kwenye saa kumi za alfajiri na saa kumi za jioni, na katikati yake, saa nne au tano asubuhi, inakuwa imeondoka kabisa. Saa nne au tano asubuhi ndiyo saa ambayo familia ya watu kumi na mmoja humaliza kunywa chai, kupakana mafuta ya jua na kutafuta kiatu cha pili cha mtoto. Watafika ufuoni kwa shangwe na kukuta mwani, mawe, na mzee mmoja mbali kule akitafuta pweza. "Bahari imeenda wapi?" watauliza, wakikutazama wewe, kana kwamba ulikuwa umeagizwa uishike.

Ukitaka wachoke upesi na kurudi nyumbani mapema, wapeleke siku ya bamvua. Watatembea kwenye miamba mpaka mmoja akanyage mnyama wa miiba, jirani alete utomvu wa papai, na shughuli iishie hapo. Ukitaka watoto wachoke na wakubwa walale, subiri maji mafu, wiki moja baadaye, ambapo asubuhi maji yako karibu na mchanga na yametulia. Saa za maji husogea karibu dakika hamsini kila siku, kwa hiyo unaweza kuahirisha safari yoyote kwa uso mkavu: "Leo maji hayafai. Kesho tutaona." Mgeni hana la kujibu. Hakuna silaha nyingine ya mwenyeji iliyo halali hivi.

Kuna siku moja isiyo na ujanja: tarehe 26 Desemba. Siku hiyo watataka ufuo wa Pirates, na nusu ya Kenya itataka pia. Wape nauli, wape maji ya kunywa, waonye kwamba boya la kukodi lina dakika zake na ngamia ana bei mbili, ya kupanda na ya kupiga picha. Wewe baki nyumbani "kupika".

Ukumbi wa pili wa mateso ni Ngome ya Yesu. Utaenda. Ulienda mwaka jana na utaenda tena, kwa sababu kila kundi lina mtu mmoja ambaye hajaiona. Kariri mambo matatu tu: Wareno walianza kuijenga 1593, mchoro ulikuwa wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na Waomani waliizingira kuanzia 1696 wakaingia Desemba 1698. Zingatia mwezi; inaonekana tangu zamani wageni wa mji huu wanapenda kuwasili Desemba. Mzingiro wa siku hizi hufanyika mlangoni, kwenye bei. Mwananchi analipa kidogo, mtalii analipa sana, na binamu yako mwenye pasipoti ya Uingereza atasema "Mimi ni Mkenya, bwana" kwa lafudhi iliyokulia Peckham. Katiba ya 2010 inamruhusu kuwa na uraia wa nchi mbili, lakini kitambulisho amekiacha kwenye droo, na karani wa tiketi hasomi droo. Simama mbali kidogo. Jifanye unasoma ubao.

Feri ya Likoni usiipinge. Wewe unajua kwamba siku hizi mtu anaweza kwenda Diani kwa gari kupitia Dongo Kundu bila kuona feri. Mgeni hataki kufika; anataka kuvuka. Atasimama juu na simu yake, upepo wa kivuko usoni, akisema maisha ya huku ni mazuri, katikati ya watu mia kadhaa wanaowahi kazini na hawajasema neno.

Kuhusu chakula, siku ya kwanza mahamri na mbaazi za nazi yatasifiwa mpaka uone haya. Siku ya pili yataliwa. Siku ya tatu mtu atauliza kwa sauti ndogo kama kuna mkate wa kawaida. Mtoto wa London atalalamika kwamba nazi imeingia kwenye kila kitu, na ni kweli, imeingia. Mtu wa Nairobi, aliyeshuka kwenye treni akiapa kula samaki mpaka Januari, ataonekana jikoni akinong'ona na dada wa kazi habari za ugali na sukuma wiki. Wapikie, ni rahisi kuliko nguru. Kaskazi ni msimu mzuri wa uvuvi, lakini bei ya samaki hufuata kalenda ya wageni, si upepo. Na ukimtuma binamu akanunue mwenyewe kwa wavuvi, bei itapanda tangu aliposema "Mambo". Jioni wapeleke bustani ya Mama Ngina wakale mhogo wa kukaanga na viazi karai kwa ukwaju. Hapo hakuna atakayelalamika, na utajiuliza kwa nini hukuanza na hilo.

Usisubiri waseme wanaondoka lini. Methali inasema siku ya tatu mgeni apewe jembe, lakini ghorofa ya tatu haina shamba. Mpe orodha ya soko, mpe mtungi, mpe mtoto wako mwenye hesabu za likizo zisizofanywa. Wa bara wataondoka wenyewe shule zikikaribia kufunguliwa. Wa majuu watafunga virago polepole zaidi, maana mabuyu, achari, korosho na halua lazima vipimwe na kupimwa tena kwenye mizani, na mwisho lazima kitu kibaki. Kitakachobaki ni koti la baridi, zito, ambalo wanasema watalichukua mwakani. Litie kwenye mfuko usiopitisha hewa, la sivyo joto la pwani litalivisha kuvu kabla ya Machi.

Wiki moja baada ya kufika kwao, wakituma ujumbe kwamba wameganda na wanakukumbuka sana, usiwajibu kwa maneno mengi. Andika hivi: "Nimewamiss. Julai nataka kuja huko na watoto."

Tiki mbili za buluu zitakuja mara moja, jibu litachukua siku mbili. Watafurahi mno. Watataka kujua tarehe kamili ya kufika, tarehe kamili ya kuondoka, idadi ya watoto na umri wao, na kama umeanza kukusanya taarifa za benki kwa ajili ya viza. Chumba, watasema, ni kidogo, lakini si mbali na nyumba yao kuna hoteli safi tu.

Waulize kama ina kifungua kinywa.