Bosi wa Milioni 13

Jirani yangu alikuwa na IST. Aliinunua milioni 13, akaiendesha miaka minne, akaikwaruza kwenye geti lake mara mbili na kwenye geti langu mara moja, kisha akaiuza milioni 11 na nusu. Mnunuzi alifika saa moja asubuhi na fedha taslimu, hata chai hakutaka, akiogopa asije akatangulia mwingine.

Mwaka uleule alionunua yeye, na mimi nilikuwa na milioni 13. Nikanunua gari la Kijerumani. Viti vya ngozi, pazia la kioo cha nyuma linalopanda kwa kubonyeza kitufe, buti linalojifunga lenyewe taratibu kama mtumishi aliyefunzwa adabu. Mtu mzima akiona gari la namna hiyo linauzwa bei ya IST anapaswa kujiuliza kwa nini. Nilijiuliza. Nikajijibu kwamba watu hawajui magari.

Aliyeniuzia ni mzee mmoja wa Mbezi Beach. Kwenye bei hatukusumbuana; kila nilipokohoa alipunguza laki tano. Tulipomalizana alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanisindikiza mpaka kwenye lami, akabaki anapunga hadi nilipokata kona. Nilidhani ni ustaarabu tu.

Historia ya gari lile nilikuja kuijua baadaye. Lilianzia maisha Japani, na kule gari jipya likitimiza miaka mitatu lazima liende ukaguzi, wao wanauita shaken, halafu kila baada ya miaka miwili linarudi. Ukaguzi una gharama zake. Kodi ya mwaka inapanda kwa ukubwa wa injini, na gari la petroli likishapita miaka 13 inaongezwa tena. Basi tajiri wa kwanza analiachia likiwa bado linanukia ngozi. Wa pili hana fedha za wa kwanza, wa tatu hana fedha za wa pili, na mimi nilikuwa wa nne. Likishuka bandarini Dar likiwa na zaidi ya miaka 10, TRA wanatoza asilimia 30 ya uchakavu. Neno lenyewe ni hilohilo, uchakavu, kwa Kiswahili fasaha, na bado mtu anasema hakuonywa. (IST za umri huo nazo zinalipa. Ila IST haichakai, inazeeka tu kama mbuyu.)

Nilichokuwa sijakipigia hesabu ni spea. Gari lile lilipotoka kiwandani, bei yake ingejenga nyumba ya vyumba vitatu Goba na uzio juu. Mpaka linanifikia mimi, nyumba ilishakuwa choo cha nje. Lakini shokapu zake hazikupewa taarifa. Shokapu ilikuwa bado inajua iko kwa yule tajiri wa kwanza, na bei yake ilikuwa ya huko huko.

Na shokapu zenyewe ni za upepo. Gari halikai juu ya springi za chuma kama magari ya watu wengine, linakaa juu ya mifuko ya mpira ambayo pampu ndogo inaijaza hewa. Mpira ukizeeka unapata nyufa kama kisigino cha kiangazi. Usiku upepo unavuja, pampu inahangaika kuujaza, mwisho nayo inaungua. Asubuhi moja nikalikuta limelala kwa mbele kushoto, kama ngamia anayesubiri kupakiwa. Nikampigia fundi.

"Bosi, used pale Ilala utapata kwa milioni na laki nane. Mpya usiulize."

Nikauliza. Halafu nikakaa kimya kwa muda mrefu, fundi akadhani simu imekatika.

Kitu kimoja tu hakikushuka bei, nacho ni hadhi. Kabla ya gari lile, kadi za michango ya harusi zilikuwa zinanifikia na nafasi wazi, najaza mwenyewe elfu hamsini na Mungu ananiona. Baada ya gari, mwenyekiti wa kamati alinijazia laki tano. "Mkuu, wewe tumekuweka kulingana na wewe." Sokoni fungu la nyanya la elfu moja likawa la elfu mbili mara tu nilipofungua mlango. Nikajifunza kuegesha mbali, kule msikitini, na kwenda sokoni kwa miguu nimevaa kandambili. Yaani nilinunua gari la kifahari nikaishia kutembea zaidi kuliko nilipokuwa napanda daladala.

Kisha ikaja harusi ya mdogo wake mke wangu.

"Shemeji," wakaniambia, "gari la maharusi ni lako. Hakuna jingine lenye hadhi."

Nilipaswa kusema ukweli kuhusu kushoto mbele. Lakini umeshaitwa shemeji, tena mbele ya wazee, ukweli unautolea wapi? Nikaliosha, likapambwa maua na utepe, tukatoka kanisani na msafara, matarumbeta yanatangulia juu ya kirikuu. Tuta la kwanza tulipita. La pili, tumbo la gari likakalia tuta kama kuku anayeatamia. Nikakanyaga mafuta, likanung'unika. Kwenye dashibodi ikatokea sentensi ndefu ya Kijapani, mwishoni ina alama ya mshangao.

Kirikuu hakikujua. Kiliendelea na muziki wake mpaka mwisho wa barabara, kikagundua kinasindikiza hewa, kikageuza, kikarudi bado kinapiga. Fundi akaniambia kwenye simu, "Punguza uzito, bosi." Uzito wenyewe ni nani? Bibi harusi akashuka, viatu mkononi, msimamizi wake kashika mkia wa shela, akavuka tuta kwa miguu kwa wimbo wa matarumbeta. Watoto wa mtaa wakapiga makofi. Nyuma yetu kwenye msafara alikuwa jirani yangu, akafungua mlango wa IST bila kusema neno. Maua yakahamishwa kutoka boneti yangu kwenda boneti yake. Yalizidi kidogo pembeni.

Ukumbini MC alikisimulia kisa kile mara tatu. Mara ya tatu alinisimamisha.

Wiki ile nikafunga shokapu ya used, milioni na laki nane, nikalitangaza gari milioni 12. Dalali akaja, akalizunguka, akakaa nyuma, akapandisha pazia, akalishusha. "Bosi, gari hili halina tatizo," akasema. "Tatizo lake ni gari lenyewe." Ikawa milioni 10. Ikawa 8. Kijana mmoja akasema yuko tayari kubadilishana na IST yake, namba C, ila niongeze milioni tatu. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikampigia, akawa ameghairi.

Mwisho alikuja muuza spea wa Ilala, na daftari. Hakuliwasha hata kuliwasha. Akaandika milango, taa, viti, injini, geaboksi, lile pazia. Nilichungulia begani kwake nikaona jumla inaelekea milioni 14. Akafunga daftari, akanipa milioni tano na laki mbili.

"Mbona umeandika 14?"

"Hiyo ni likishakufa, mzee wangu. Likiwa hai ni hii."

Likaondoka kwa breakdown, limeinuliwa mbele. Nilimshika yule bwana mkono kwa mikono yangu miwili, nikamsindikiza mpaka kwenye lami.

Mwezi uliofuata fundi akanipigia, ana furaha, hajui kama nimeshauza.

"Bosi, bahati yako! Nimeona Ilala shokapu ya gari kama lako, mbele kushoto, nzima kabisa, inaonekana ilifungwa juzi juzi tu. Niwaambie wakuwekee?"

"Wanauza ngapi?"

"Milioni na laki nane."