Kinga Isiyojua Volkano

Mwenye gari mjini Goma anayekata asiransi ya lazima, biashara ambayo sheria ya Machi 2015 iliiondoa katika ukiritimba wa SONAS, shirika la bima la serikali ya Kongo, hununua kinga ya dhima, yaani ahadi ya kumfidia mtu atakayegongwa, huku gari lake mwenyewe likiachiwa Mungu. Akiongeza malipo ili nalo likingwe, hukutana na vifungu vya kutengwa, yaani maafa ambayo kwa kawaida mkataba haulipii: vita, ghasia, tetemeko, volkano, kwa ufupi, historia ya mji ulioungua kwa volkano ya Nyiragongo mwaka 2002 na kutekwa Januari 2025. Kinachosalia ni kugongana, jambo ambalo barabara za mawe ya lava hulifanya lihitaji juhudi.