Giaboksi Uani

Giaboksi ya otomatiki, yaani sanduku linalojibadilishia gia lenyewe kwa shinikizo la mafuta yanayopita kwenye vijia vyembamba vya bamba la valvu, ni chombo kinachoweza kukwamishwa na punje moja ya mchanga. Bila shaka ndiyo sababu, kati ya Bukoba na Muleba, hufumuliwa uani, juu ya majani ya mgomba, penye vumbi jekundu. Mwenye Toyota Mark II ya miaka ya 1980 huhakikishiwa kwamba klachi, yaani mabamba ya duara yanayobanana ili kupitisha nguvu, ni nzima kabisa, na kwamba gololi zilizosalia sufuriani baada ya kufunga ni za akiba, ukarimu ambao wahandisi wa Japani hawakuwahi kuukusudia.