Namna ya Kuabiri Treni ya Syokimau

Kwanza, sahau matatu. Matatu hukusubiri: makanga anaita, dereva ananguruma mahali pamoja, nawe bado uko nyumbani unamalizia chai. Treni haina makanga. Saa yake ikifika inang'oa nanga, hata kama uko ngazini na tikiti mkononi, kiatu kimoja hakijafungwa. Fika mapema. Ukiachwa, nenda ukajiunge na foleni ya Mombasa Road. Ikifika saa mbili na nusu utaelewa kwa nini naipenda reli.

Pili, usigonge bodi. Nilimwona mzee mmoja akigonga dirisha kwa sarafu, "Shukisha hapo!", tukiwa tumeshapita Imara Daima. Kijana aliyebanwa kando yake akamwambia polepole, "Mzee wangu, hii husimama penye kituo tu." Alishukia Makadara, akaanza kurudi kwa miguu, koti begani.

Tatu, liheshimu jina. Kituo cha Syokimau kilifunguliwa na Rais Mwai Kibaki Novemba 2012, lakini Syokimau mwenyewe alikuwa nabii wa Wakamba. Inasimuliwa kwamba aliona nyoka mrefu akitambaa kutoka bahari moja hadi nyingine, na wageni wanaotembea na moto mifukoni. Nyoka yule ni reli: ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899, ikaendelea hadi ziwani. Moto ule wazee wanasema ni viberiti. Mwambie mtoto wako hadithi hiyo mkiwa jukwaani, huku reli zikianza kutetema, hataisahau.

Kama safari yako ni ya Mombasa, usidhani behewa hili litakufikisha. Reli hii ya zamani ina upana wa mita moja. Ile ya SGR iendayo Mombasa, iliyozinduliwa 2017, ina milimita 1,435. Magurudumu ya huku hayaingii kule. Treni ya mjini itakuleta karibu na kituo kikuu cha SGR, kisha utashuka na mizigo yako yote. Kwa hiyo lile gunia la viazi la shangazi, tafuta wa kulishika upande wa pili kabla hujaondoka mjini.

Na jioni, mkifika, simameni kando ya mlango, si mbele yake. Wacha kwanza mama mwenye mtoto mgongoni ashuke.